Ndege Mbili Kuukuu na Mkanda Mmoja wa Picha

Nilipewa kamera kwa sababu mwenye kamera alikwenda semina. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya utamaduni mjini Tabora, miaka ile Azimio lilipokuwa bado jipya na kila mtu mjini amekuwa ndugu wa kila mtu. Taipureta yangu ilikuwa imekufa herufi r. Barua zote nilizopiga kuhusu uhuru zilitoka kwanza zikisema uhuu, halafu nikakaa na kalamu kuzitia r moja moja kabla hazijaenda kwa mkuu wangu kutiwa sahihi.

Mpiga picha wetu alikwenda Dar es Salaam kwa semina ya wiki mbili. Semina ile ikazaa nyingine, na ya pili ikahitaji watu wa kuifanyia tathmini, na mpaka leo ninapoandika haya sijamwona tena. Kamera yake ilibaki kwenye kabati la mafaili. Siku ilipokuja barua ya kutaka picha, mkuu wangu alifungua kabati, akaitazama kamera, kisha akanitazama mimi.

"Wewe umezoea kubonyeza," akasema. "Hii ina kitufe kimoja tu."

Mkuu wangu alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Tulimwita Ndugu, lakini kwa sauti ileile ambayo zamani watu walisemea Bwana. Alinisomea barua akiwa amesimama. Ilisema kwamba zile ndege mbili za vita zilizoachwa pembeni mwa uwanja wa ndege zihifadhiwe, na lile jengo la zamani la abiria liwe makumbusho. Ukutani zitundikwe picha za ndege zenyewe pamoja na picha za shughuli za kila siku za wananchi uwanjani, kwa kuwa makumbusho ya taifa linalojenga ujamaa hayawezi kuwa ya vyuma vitupu. Mgeni rasmi angekuja kuyafungua.

Kwa kazi yote hiyo tulikuwa na mkanda mmoja wa picha thelathini na sita. Madukani mikanda haikuwepo, kama ambavyo sabuni haikuwepo, wala betri, wala vitu vingine vingi ambavyo tulitangaziwa kuwa vimeadimika kwa muda. Mkuu alinikabidhi ule mkanda kwa mikono miwili, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto mchanga.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, na rafiki yake mmoja alikuwa na studio karibu na soko. Mzee huyo wa studio alinifundisha siku tatu kwa kamera tupu. Alinionyesha jinsi ya kupima mwanga kwa kutazama kivuli cha mkono wangu, na jinsi ya kubana pumzi ninapobonyeza. "Na usimwambie mtu acheke," akaniambia. "Akitaka kucheka atacheka mwenyewe." Siku ya nne nikaitia kamera kwenye kikapu, nikaifunika kwa khanga, nikaenda uwanjani kwa miguu, maana Land Rover ya ofisi ilikuwa nzima isipokuwa haina mafuta.

Ndege nilizikuta kama nilivyozijua tangu utotoni, ila siku hiyo kwa mara ya kwanza nilizitazama. Kubwa ilikuwa na injini mbili, na magurudumu yake yalikuwa yamezama ardhini hata tumbo limelala kwenye nyasi. Ndogo ilikuwa na mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni, na mkia haikuwa nao. Kwenye bawa la ile kubwa, kutoka ncha mpaka ubavuni, michembe ilikuwa imeanikwa. Viazi vitamu vimemenywa, vimekatwa vipande vyembamba, vimepangwa safu kwa safu juu ya bati la mkoloni. Kwenye panga la injini ya kushoto zilining'inia khanga mbili zikikauka. Ndani ya injini ya kulia kuku alikuwa ameatamia.

Mtunza ndege alikuwa mzee wa Kwihara aliyekuja kila asubuhi kwa baiskeli. Wakati wa vita vile vya pili alikuwa kijana wa kupampu petroli kutoka kwenye mapipa, na vita vilipokwisha hakuna aliyemwambia aende nyumbani.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Umetumwa, au umekuja kuanika?"

"Nimetumwa. Nimekuja kupiga picha."

"Ya ndege au ya michembe?"

"Barua inasema ndege na shughuli za kila siku."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na barua. "Basi michembe imo," akasema.

Wenye michembe walikuwa akina mama wafyeka nyasi, ajira ya uwanja. Walifyeka asubuhi, jua likikaza wakajikinga chini ya bawa. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinieleza kwamba bati lile lilikuwa bora kuliko mwamba wowote wa Unyanyembe: michembe iliyochukua wiki nzima nyumbani ilikauka pale kwa siku tatu, na mbuzi hawawezi kupanda. Akaniuliza kama picha yake inaweza kumfikia binti yake aliyeolewa Nzega, ambaye hajaonana naye tangu mvua za mwaka juzi. Nikasema inaweza. Akachukua fyekeo lake, akasimama kando ya bawa, akanitazama bila kupepesa. Nilibana pumzi, nikabonyeza. Ile ndiyo picha yangu ya kwanza maishani.

Ya pili nilimpiga mzee wa Kwihara ameweka kiganja kwenye pua ya ndege kubwa. Miaka yote ile hakuwahi kupigwa picha nayo. Wazungu waliopita walikuwa wakimwomba asogee kidogo.

Niliporudi ofisini nikaeleza nilichopiga, mkuu wangu aliweka kalamu mezani.

"Michembe haitundikwi ukutani," akasema.

"Lakini ndiyo shughuli yao ya kila siku, Ndugu."

"Shughuli ya kila siku ni ile inayostahili kuwa ya kila siku."

Kwa hiyo juma lililofuata tulikwenda wote wawili, na safari hiyo mafuta yalipatikana. Nyuma ya Land Rover mlikuwa na majembe kumi na mawili yaliyoazimwa shule ya jirani. Mkuu aliwapanga akina mama mstari mmoja mbele ya ndege ndogo, kila mmoja na jembe lake, kwenye eneo ambalo walikuwa wamelifyeka jana yake likawa safi kama mkeka.

"Tunalima nini hapa?" akauliza yule mama mrefu.

"Limeni tu, mama. Picha haiulizi mmepanda nini."

Wakalima. Kwa kuwa walikuwa watu wasiojua kulima uongo, walilima kweli, na kabla sijamaliza kurekebisha lenzi walikwishapiga matuta manne. Nilipiga picha mbili. Mtu wa mnara wa kuongozea ndege akashuka mbio kuuliza nani ameruhusu mashamba kandokando ya njia ya kurukia ndege. Mkuu wangu akamwambia kwamba kilimo hakihitaji ruhusa. Yule bwana akasimama hapo, akijua kwamba amekosea mahali fulani lakini hajui ni wapi. Matuta yale hayakusawazishwa. Msimu ulipofika akina mama waliyapanda karanga.

Siku hiyohiyo mkuu alichukua historia. Alikaa kwenye kiti alichokuja nacho, mimi nikasimama na daftari, na mzee wa Kwihara akasimama mbele yetu na kofia mkononi.

"Mzee, hii ndege kubwa ilipigana wapi?"

"Haikupigana, ndugu. Ilikuwa inapita tu. Ilipeleka barua kule kwenye vita na kurudisha barua za huko."

"Na silaha?"

Mzee akafikiri. "Siku moja ilibeba bafu la bati la mkubwa mmoja ambaye hakuweza kuoga kwenye karai kama wenzake. Zito kweli. Tulilishusha watu sita."

"Andika silaha nzito," mkuu akaniambia.

Nikaandika.

"Nani aliitungua?"

"Haikutunguliwa. Ilitua hapa injini ina matatizo, wakasema watarudi na kipuri. Mimi nikaambiwa niitunze mpaka kipuri kije."

"Kikaja?"

"Bado," akasema mzee.

Alilisema neno hilo kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia treni iliyochelewa saa moja. Mkuu alinitazama kuona kama nimeandika. Hilo sikuliandika, sikujua niliweke wapi.

Kutokana na historia hiyo likatengenezwa bango: NDEGE SHUJAA YA VITA. Lilisimama siku tisa. Ndugu mmoja mzito kutoka makao makuu, akiwa njiani kwenda Kigoma, alilisoma akauliza, shujaa wa nani? Bango likapakwa rangi, likaandikwa NDEGE YA MKOLONI MNYONYAJI. Ndugu yule aliporudi kutoka Kigoma akauliza tena, kama ni ya mnyonyaji, mbona tunaifyekea nyasi na kuipangusa vumbi? Akina mama wakaambiwa wasimamishe kufyeka mpaka mwongozo utoke. Nyasi hazikusubiri mwongozo. Baada ya wiki mbili bango likapakwa kwa mara ya tatu, likasema NDEGE ILIYONYANG'ANYWA MKOLONI NA WANANCHI WA TABORA, na kazi ikaendelea. Rangi ilikuwa nyepesi, kwa hiyo jua likiwa upande wa magharibi neno SHUJAA lilionekana kwa chini kama mtu anayechungulia pazia. Watoto wa shule waliokuja kutembelea walimuuliza mzee kama ni kweli wananchi waliinyang'anya. Yeye hakupenda kusema uongo. "Bango ndivyo linavyosema," alikuwa akiwajibu.

Likabaki suala la picha. Mkuu alitaka ukuta uwe umejaa siku ya ufunguzi, lakini pia alitaka mkanda huohuo uwe na picha za mgeni rasmi akifungua. Ukiutoa mkanda kwenye kamera kuusafisha, picha zilizobaki zinapotea. Nilimweleza hivyo. Alifikiri mchana kutwa, akatoka na uamuzi kwamba fremu zitundikwe tupu na maelezo yake chini.

"Mgeni rasmi ataelewa," akasema. "Picha zipo, hazijatoka tu."

Nikapiga chapa maelezo kumi na nane, nikatia r zote kwa kalamu. Jioni kabla ya ufunguzi nilisimama peke yangu ndani ya jengo lile nikatazama makumbusho yetu: kuta tatu za fremu za mninga, kazi nzuri ya seremala wa Gongoni, zimezunguka karatasi nyeupe. Chini ya moja paliandikwa akina mama wakilima kwa ari. Chini ya nyingine, ndege ikiwa imebeba silaha nzito. Mzee wa Kwihara aliingia akazitazama zote, fremu moja baada ya nyingine, mikono nyuma, akitumia muda uleule kwa kila moja. Alipomaliza akaniambia zimepangwa vizuri.

Siku yenyewe watu walianza kufika asubuhi na mapema. Walikuja wa Gongoni na kanzu zao za Ijumaa, walikuja wa vijijini na kwaya zao, Wakatoliki upande mmoja na Wamoraviani upande wa pili, kila kwaya na wimbo wake wa kumkaribisha mgeni. Walikuja wanafunzi na bendera za karatasi. Ikaja na ngoma ya uyeye, wale wanaocheza na nyoka, wamebeba sanduku lao la mbao lenye matundu. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mtu mnene mwenye leso nyeupe ambayo haikumtoka mkononi, alikuwa akikimbia huku na huku akiwaambia watu watulie.

Mkuu wangu alinivuta kando. "Nataka picha moja kubwa ya kumpelekea mgeni mwenyewe," akasema. "Iwe na ndege za zamani, iwe na umati wa wananchi, na nyuma yao iwe ndege ya mgeni inatua. Vyote vitatu pamoja. Ukoloni, wananchi, maendeleo."

"Kwenye picha moja?"

"Mkanda si ni mmoja?"

Nilipanda juu ya gari la zimamoto. Gari lile maji halikuwa nayo, lakini ngazi lilikuwa nayo. Nikiwa nimefunga khanga juu ya sketi, nikatazama kwenye kamera. Umati ulikuwa umezisonga ndege za zamani hata nisizione. Niliona vichwa na ncha ya bawa, na juu ya bawa michembe, maana hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Nikaomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," nikasema, na nikashtuka kusikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye mnara. "Naomba mrudi nyuma kidogo."

Wakarudi. Nikatazama tena. Sasa niliiona ndege kubwa, lakini ile ndogo ilikuwa bado imezibwa. Nikawaomba warudi tena kidogo. Walikuwa watu watiifu siku hizo, na mimi sikuwahi kutiiwa na mtu hata mmoja, seuze na umati. Nikawarudisha mara ya tatu, nikaona picha inaanza kujipanga: mabawa, kwaya, bendera, nyuso. Ngoma ya uyeye ikapata nafasi ya kutosha, wakaliweka sanduku lao chini, wakafungua kifuniko. Mara ya nne niliomba hatua kumi tu. Ndani ya kamera kila kitu kilikaa mahali pake. Nilichokuwa sikioni ni kwamba nyasi zilikuwa zimekwisha, na watu wote wale walikuwa wamesimama kwenye njia ya kurukia ndege.

Ndege ya mgeni ikatokea upande wa reli, ndogo na nyeupe. Watu wakaanza kuimba, kwaya zote mbili kwa pamoja na nyimbo tofauti. Ikashuka, ikashuka, hata nikaona magurudumu, nami nikabana pumzi. Kisha ikaunguruma, ikainua pua, ikapita juu yetu kwa kishindo kilichong'oa kofia za watu.

Umati ukafurahi mno. Waliamini rubani anawasalimia. Waliobaki pembeni nao wakaingia katikati ili wasalimiwe. Mtu wa mnarani alikuwa akipunga mikono yote miwili kutoka juu, na watu wakampungia. Polisi wawili walijaribu kuwasogeza wananchi upande, lakini walipofika kwenye sanduku la uyeye walisimama, kwa sababu chatu alikuwa ametoka nusu na hakuna kati yao aliyekuwa amepewa amri kuhusu chatu. Ndege ikazunguka, ikarudi mara ya pili. Hapo mwenyekiti wa mapokezi akajitokeza mbele ya wote, katikati kabisa ya njia, akaipungia leso yake nyeupe kuonyesha kwamba tayari, karibuni. Nilipiga. Nikapiga tena. Ndege ikapanda, ikageuka, ikaelekea upande wa Mwanza, ikawa nukta, ikaisha.

Kwaya za pande zote mbili ziliendelea kuimba nyimbo zao za kumkaribisha mgeni mpaka mwisho wa beti zote.

Mkuu wangu alikuja chini ya gari la zimamoto. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Endelea kupiga," akasema.

"Nipige nini, Ndugu?"

"Mapokezi."

Nikapiga mapokezi. Chakula kililiwa, hotuba ya kumshukuru mgeni kwa kuja ilisomwa kama ilivyoandikwa, na nusu ya watu wakaingia kwenye makumbusho kuangalia fremu. Nilimsikia mama mmoja akimweleza jirani yake kwamba picha za kisasa ndivyo zilivyo.

Siku nne baadaye ikaundwa kamati ya kuchunguza kwa nini ndege ya mgeni haikutua. Mwenyekiti wake alikuwa yuleyule mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, kwa vile ndiye aliyekuwa na uzoefu na tukio. Wajumbe walikuwa wawili, mmojawapo mkuu wangu. Jambo la kwanza waliloamua ni kwamba picha ziletwe.

Mchana ule mkuu alinifuata kwenye meza yangu, akafunga mlango.

"Mikanda huwa inaungua," akasema polepole.

"Mara nyingine, Ndugu."

"Jua la Tabora ni kali."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu, na mimi yangu ilizidi ya kwake, kwa sababu sauti iliyowarudisha watu nyuma mara nne haikuwa ya kwake. Nilikwenda na kamera moja kwa moja mpaka studio. Mzee wa studio alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani.

"Kuuharibu ni kazi ndogo," akasema. "Naufungua hapa mlangoni, tunahesabu mpaka kumi, tunaufunga. Hata mwenyewe hutajua kulikuwa na nini. Ila niambie, kulikuwa na nini?"

Nikamtajia. Mama mwenye fyekeo, anayetaka binti yake wa Nzega amwone. Mzee na kiganja chake kwenye pua ya ndege. Kuku ndani ya injini. Khanga kwenye panga. Wanafunzi na bendera. Chatu. Nilipofika hapo niligundua kwamba ninalia, na kwamba silii kwa sababu ya kamati.

Mzee wa studio akauchukua mkanda. "Subiri nje," akasema, akaingia kwenye chumba chake cha giza. Alasiri alitoka na picha zikiwa bado mbichi, amezibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Picha ya leso ilikuwa nzuri kuliko zote. Mtu mnene amesimama katikati ya njia, mguu mmoja mbele, leso imekamatwa na upepo, na juu ya kichwa chake magurudumu ya ndege. Pembeni, mkuu wangu, akipiga makofi.

Nilizipeleka kamati kesho yake kwenye bahasha. Walikaa upande mmoja wa meza, mimi nikasimama upande wa pili. Picha zilipita mkono kwa mkono. Ya leso ilimfikia yule mjumbe mwingine, mwalimu mmoja mzee asiyeona vizuri, akaisogeza karibu na pua.

"Huyu mwenye leso ni nani?" akauliza.

Mwenyekiti aliipokea, akaitazama kwa makini sana.

"Huyo ni mwananchi," akasema.

"Na huyu anayepiga makofi?"

"Mwananchi mwingine," akasema mkuu wangu.

Leso ilikuwa mezani mbele ya mwenyekiti. Akaichukua taratibu, akaiingiza mfukoni. Sijui nilipata wapi ujasiri, nadhani nilichoka tu.

"Mimi ndiye niliyewarudisha watu nyuma," nikasema. "Kwa kipaza sauti. Nilitaka ndege zote zionekane. Sikutazama wanasimama wapi."

Mwenyekiti akafungua faili, akapekua karatasi mbili, akalifunga.

"Hilo halimo kwenye hadidu za rejea," akasema. "Tumeagizwa kuchunguza ndege. Hatukuagizwa kuchunguza wapiga picha."

Taarifa niliipiga chapa mimi mwenyewe. Ilisema ndege haikutua kutokana na upepo, ikapendekeza upepo ufuatiliwe, ikawapongeza wananchi kwa mapokezi makubwa na ofisi yetu kwa kuweka kumbukumbu. Niliongeza r zote kwa kalamu, zikawa nyingi, maana neno taarifa lilirudiwa kila mstari. Mwaka haukuisha mkuu wangu akapandishwa cheo, akahamia mkoa wa pwani. Mgeni rasmi hakuja tena, na kwa kuwa hayakufunguliwa rasmi, makumbusho hayakuweza pia kufungwa. Yakabaki wazi kila siku.

Fremu tulizijaza. Mkuu mpya hakujua zipi zilistahili na zipi hazikustahili, akaniachia mimi, nami nikatundika kuku, khanga na michembe. Picha ya mama mrefu ilikwenda Nzega kwa mkono wa dereva wa lori la pamba. Ikarudi salamu kwamba binti ameipokea, na kwamba amemuona mama amekonda, basi atamtumia michembe ili apumzike kufyeka. Mama alicheka siku nzima kwa kuahidiwa michembe, yeye mwenye bawa zima la michembe.

Ya mzee wa Kwihara nilimpelekea mkononi. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaigeuza tena.

"Imetoka vizuri," akasema. "Ila nimesimama kama mtu anayeomba lifti."

Nikamwahidi nyingine mkanda ukipatikana. Ulipatikana baada ya mvua mbili. Siku hiyo nilimwambia achague mwenyewe mahali. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kile kimlango cha ubavuni, akapanda taratibu hadi mbele, akakaa kwenye kiti cha rubani. Ngozi ya kiti ilikuwa imeliwa na panya. Nilimuuliza kama alikuwa akikaa hapo mara kwa mara.

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na ufunguo ulikuwa nao wewe miaka yote, mzee?"

"Nilikuwa nao," akasema. "Lakini nilitumwa kutunza, sikutumwa kukaa."

Hakugusa usukani. Aliweka mikono yake magotini, akatazama mbele kupitia kioo kilichopasuka, kule akina mama walikokuwa wakipalilia karanga zao. Nikasubiri mwanga ukae sawa usoni mwake, nikabana pumzi, nikabonyeza.